Mtakatifu Yohane Bosco, Baba na Mlezi wa Vijana Masikini



Katika siku hizi za yubilei tunamshukuru Mungu kwa ajili ya mapadri waliotutangulia, kwa ajili ya makatekista wa kwanza waliotembea kwa miguu juu ya mawe ya volkano, na kwa ajili ya wazee waliobeba mawe hayo kichwani ili nyumba ya Mungu isimame. Lakini tukiwatazama waliojaa kanisani siku ya Mungu, twaona kwamba wengi wao ni vijana, na wengi kati ya vijana hao ni masikini. Ndiyo sababu tumeona vema kuandika katika kitabu hiki maisha ya Mtakatifu Yohane Bosco. Jina lake limeandikwa juu ya milango ya masomo, vijana wetu hulitaja kila siku, lakini ukiuliza alikuwa nani, wengi hujibu kwamba alikuwa padri aliyependa watoto. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Wengi wamewapenda watoto masikini na kuwapa chakula. Yohane Bosco aliwapa chakula, kisha akawapa kazi, kisha akawapa madaraka, hata walioingia nyumbani mwake kama yatima wakatoka kama viongozi. Jambo hilo ndilo tunalotaka kulieleza.

1. Yatima wa Becchi

Yohane, ambaye kwa lugha yake aliitwa Giovanni, alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kijiji kidogo cha Becchi, karibu na Castelnuovo, katika nchi ya Piemonte, kaskazini mwa Italia. Baba yake Francesco alikuwa mkulima. Mwaka 1817 baba huyo alishikwa na ugonjwa wa mapafu akafa baada ya siku chache, naye Yohane hakuwa ametimiza hata miaka miwili. Mama yake Margherita alibaki mjane mwenye miaka 29, pamoja na mama mkwe aliyekuwa mgonjwa, na watoto watatu: Antonio, mwana wa mke wa kwanza wa marehemu, kisha Giuseppe, kisha Yohane. Mwaka ule ule njaa kali ikaingia katika nchi. Margherita hakujua kusoma wala kuandika, lakini alijua sala na katekisimu, akawafundisha wanawe kusali asubuhi na jioni, kufanya kazi na kumgawia maskini aliyebisha mlango.

Yohane alipokuwa na miaka kama tisa aliota ndoto ambayo hakuisahau mpaka kufa. Aliona uwanja uliojaa watoto wakicheza, na wengine kati yao walikuwa wakimtukana Mungu. Yeye akawarukia na kuwapiga ngumi ili wanyamaze. Ndipo akatokea mtu mwenye utukufu, akamwonya kwamba rafiki hawa hataweza kuwapata kwa mapigo, ila kwa upole na kwa upendo. Kisha akaja Mama mwenye kung'aa, na mbele yake Yohane akaona wanyama wakali wakigeuka kuwa wanakondoo. Mtoto aliamka akisikia bado maumivu mikononi, kana kwamba alipiga kweli.

Tangu hapo alianza kuwakusanya watoto wa kijiji. Alijifunza michezo ya wachezaji wa sokoni: kutembea juu ya kamba, kuruka na kurusha vitu hewani. Siku ya Mungu watoto na wakubwa walimzunguka, lakini kabla ya mchezo walisali rozari, kisha Yohane akawarudilia mahubiri ya padri ya asubuhi. Asiyetaka kusali hakuona mchezo. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba alikuwa katekista kabla ya kuwa padri.

2. Mtumishi wa shamba na mwanafunzi masikini

Antonio, ndugu mkubwa, hakupenda kumwona mdogo wake ameshika kitabu. Aliona kwamba mkono wa mkulima umeumbwa kwa ajili ya jembe. Ugomvi ulizidi nyumbani, hata katika Februari 1828, wakati wa baridi kali, mama alilazimika kumtuma Yohane mbali atafute kazi kwa watu. Alikuwa na miaka 12. Jamaa ya Moglia ilimpokea, naye akachunga ng'ombe wao na kulima kwao karibu miaka miwili. Wengi kati yetu wanayajua maisha ya namna hiyo, maana katika mji wetu wako watoto wanaolala na kuamka katika nyumba isiyo yao, wakifanya kazi ili wapate kula.

Mwaka 1829 padri mzee, Don Calosso, alimwonea huruma akaanza kumfundisha Kilatini. Yohane alimpenda kama baba. Lakini mwaka uliofuata mzee huyo alikufa ghafula, na kijana akajiona yatima mara ya pili. Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka 1831 alikwenda kusoma katika mji wa Chieri, akaketi darasani pamoja na watoto wadogo kuliko yeye, bila kuona haya. Ili apate malipo ya nyumba na chakula, alifanya kazi kwa mshonaji na katika duka la kahawa, akajifunza pia kazi ya mbao, ya viatu na ya chuma. Hakuna hata moja ya kazi hizo iliyopotea, kama tutakavyoona.

Huko Chieri, mwaka 1832, aliwaunganisha rafiki zake katika chama walichokiita Chama cha Furaha. Sheria zake zilikuwa chache: mwanachama asitende wala asiseme neno lisilomfaa mkristu, atimize wajibu wake wa masomo na wa dini, na awe mwenye furaha. Ndicho chama chake cha kwanza cha vijana kilichoongozwa na vijana wenyewe. Mwaka 1835 aliingia seminari, na tarehe 5 Juni 1841 alipata upadri katika mji mkubwa wa Torino.

3. Vijana wa gerezani na kijana wa sakristia

Wakati ule viwanda na majengo mapya yalikuwa yakiongezeka Torino. Vijana wengi walishuka kutoka vijijini kutafuta kazi kama waashi, wachukuzi wa mawe na wasafishaji wa bomba za moshi. Wengi hawakuwa na wazazi karibu, wala mtu wa kuwatetea mbele ya bwana mwenye kazi. Padri mpya Bosco, akiongozwa na mwalimu wake Don Cafasso, aliingia katika magereza ya mji. Aliona humo vijana wenye nguvu na akili wakikaa bure, wakiliwa na wadudu, na jambo lililomwumiza zaidi ni kuona kwamba waliotoka walirudi tena. Alitafuta sababu, akaiona: walipotoka hawakuwa na mtu wala mahali pa kukimbilia. Ndipo alipoamua kuwatafuta kabla hawajafika gerezani.

Tarehe 8 Desemba 1841, sikukuu ya Bikira Maria, alikuwa akivaa kwa misa katika kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kijana mmoja, Bartolomeo Garelli, aliingia sakristia akisimama bila kujua la kufanya. Sakristani alimwuliza kama anaweza kutumikia misa. Aliposema hawezi, akamfukuza kwa fimbo. Padri Bosco akamkemea sakristani na kuagiza kijana arudishwe, kwa kuwa ni rafiki yake. Baada ya misa aliketi naye. Kijana alikuwa na miaka 16, yatima, mwashi, asiyejua kusoma wala kuandika, wala hakuwa bado amepokea komunyo ya kwanza. Alipoulizwa kama anajua kuimba, alikana. Alipoulizwa kama anajua kupiga mluzi, alicheka. Hapo urafiki ukaanza. Padri akamfundisha ishara ya msalaba, wakasali Salamu Maria, na siku ya Mungu iliyofuata Garelli akarudi pamoja na wenzake.

Wapendwa, hapa tunaomba ruhusa ya kuungama. Sisi makatekista, katika miaka yetu ya utumishi, tumefanya mara nyingi kazi ya yule sakristani. Maibobo waliposimama mlangoni na mifuko yao, tuliogopa kwamba watavuruga ibada au kuiba viatu, tukawafukuza. Mmoja wao tunamkumbuka vizuri, kwa kuwa alikuja siku za Mungu tatu zikifuatana, akisimama mahali pale pale karibu na nguzo, na mara ya tatu tulimtoa kwa ukali. Hakuja tena. Hatujui aliomba nini, maana hatukumwuliza. Kila tunaposoma habari ya Garelli, tunajua kwamba kati ya fimbo na urafiki palikuwa na swali moja tu.

4. Valdocco

Kundi la Padri Bosco liliongezeka, likawa mamia. Lakini halikuwa na mahali. Kwa miaka miwili hivi walihama kutoka uwanja mpaka uwanja, kwa sababu majirani walichoka na makelele yao, na wakubwa wa mji waliogopa kwamba kundi la vijana masikini namna ile litaleta fujo. Hata mapadri wenzake wengine walifikiri amepata wazimu, kwa vile alivyosema mbele yao juu ya nyumba kubwa, viwanja na kanisa, naye hakuwa na hata chumba. Mwishoni, siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, aliwaingiza vijana wake katika kibanda alichokodi kwa bwana Pinardi, mahali paitwapo Valdocco. Kibanda kilikuwa cha chini sana, ikabidi wachimbe sakafu ili watu waweze kusimama. Kazi yote iliyoenea duniani ilianzia pale.

Katika Julai ya mwaka ule alianguka kwa ugonjwa wa mapafu, akafika karibu na kufa. Vijana waashi walifunga chakula na kusali kwa zamu mbele ya Bikira Maria, nao walikuwa wakipanda ngazi na matofali mchana kutwa. Alipopona aliwaambia kwamba, kwa kuwa wamemwombea uzima, uzima huo ni wao. Mnamo Novemba alirudi Valdocco akimleta mama yake. Mama Margherita, mwenye miaka 58, aliacha nyumba yake na wajukuu wake, akauza vitu vya arusi yake ili vijana wapate kula, akawa mama wa wasio na mama mpaka alipokufa mwaka 1856.

Mwanzo haukuwa rahisi. Vijana wa kwanza waliolazwa nyumbani waliamka usiku wakatoroka na mablanketi. Mwingine angefunga mlango. Lakini katika Mei 1847, usiku wa mvua, yatima mmoja alibisha akiwa amelowa mwili mzima. Mama na mwana walimkalisha karibu na moto, wakamtengenezea kitanda jikoni. Huyo ndiye wa kwanza wa wale waliobaki.

5. Mapatano ya kazi na mfuko wa kusaidiana

Padri Bosco hakutosheka na kuwafundisha katekisimu na kuwafungulia masomo ya usiku. Alikwenda kuwatazama mahali pa kazi. Aliona mabwana wengine wakiwapiga, wakiwatuma kazi za nyumbani badala ya kuwafundisha ufundi, na kuwanyima siku ya kupumzika. Basi kuanzia mwaka 1851 na 1852 alifanya jambo ambalo wakati ule lilikuwa geni: alimketisha bwana mwenye kazi na kijana mbele ya karatasi yenye muhuri wa leta, akaandika mapatano, na wote wakatia sahihi. Tunayo habari ya mapatano ya Februari 1852 kati ya fundi wa mbao na kijana Giuseppe Odasso. Bwana aliahidi kumfundisha ufundi wote, kumwonya kwa maneno na si kwa mapigo, kumpa kazi za ufundi tu, kumwachia siku za Mungu na sikukuu, na kumlipa mshahara. Kijana naye aliahidi utii, bidii na uaminifu. Padri alisimama katikati kama baba wa kijana. Kisha alianza karakana zake mwenyewe: za viatu na za kushona mwaka 1853, ya kufunga vitabu mwaka 1854, ya mbao mwaka 1856, na baadaye za kupiga chapa na za chuma. Zile kazi alizojifunza akiwa mwanafunzi masikini wa Chieri zilimfaa sasa.

Tena mwaka 1850 aliwaanzishia vijana chama cha kusaidiana. Kila mwanachama alitoa sarafu ndogo kila siku ya Mungu, na aliyeugua au kukosa kazi bila kosa lake alipata msaada kutoka mfuko huo. Sisi tunaojua likelemba tunaelewa mara moja hekima yake. Lakini tuangalie jambo moja: mfuko ule haukuwa sadaka ya tajiri kwa maskini. Ulikuwa wa vijana wenyewe. Kijana aliyezoea kupokea tu alijifunza kuweka akiba, kuhesabu, kuaminiwa na kumbeba mwenzake. Hapo ndipo kiongozi anapozaliwa.

Katika miaka ya 1848 na 1849, wakati nchi ilipochafuka kwa vita na siasa, hata wengine kati ya wasaidizi wake walitaka kuwaongoza vijana kwenye maandamano na bendera. Padri Bosco alikataa. Wasaidizi wakamwacha, na kwa muda wakavuta vijana wengi nyuma yao. Alivumilia kubaki karibu peke yake kuliko kuruhusu mtu awatumie wanawe kwa faida yake. Wazazi wa Kivu hawahitaji tuwafafanulie neno hili, kwani wamewaona vijana wao wakiitwa porini kwa ahadi za bunduki na mshahara.

6. Kolera ya mwaka 1854

Katika majira ya joto ya mwaka 1854 kolera iliingia Torino. Mitaa ya masikini karibu na Valdocco ndiyo iliyopigwa zaidi. Watu waliwaogopa wagonjwa, hata jamaa waliwakimbia ndugu zao, na haikuwa rahisi kupata watu wa kuwabeba na kuwaosha. Padri Bosco aliwakusanya vijana wake wakubwa, akawaeleza hali ilivyo, akawaomba wanaotaka wajitoe, akiwasihi waishi katika neema ya Mungu. Walijitoa vijana 44. Waligawanywa kwa zamu: wengine katika nyumba za wagonjwa, wengine katika vituo, wengine wakipita mitaani kutafuta walioachwa peke yao. Kila mmoja alikuwa na chupa ndogo ya siki ya kunawia mikono baada ya kumgusa mgonjwa. Walipokosa nguo za kuwafunika wagonjwa, walimwendea Mama Margherita, naye akagawa mashuka, kisha vitambaa vya meza, na mwishowe hata vitambaa vya altare. Kolera ilipokwisha, hakuna hata mmoja wa vijana wale aliyekuwa amekufa kwayo.

Wenye mji, ambao miaka minane mbele waliwaita wavurugaji, waliwaona sasa wakibeba wagonjwa mgongoni. Vijana walikuwa wale wale waashi na wafunga viatu. Tofauti ni kwamba palikuwa na mtu aliyewaona wanastahili kuombwa jambo kubwa.

Wakaaji wa Goma wanalijua neno kolera. Katika Julai 1994 wakimbizi wengi sana kutoka Rwanda waliingia mjini mwetu na kandokando yake kwa siku chache, na katika mwezi mmoja karibu watu 50,000 wakafa, wengi kwa kolera na kuhara. Waliokuwa vijana siku zile wanakumbuka maiti zilizolazwa kando ya barabara, wakati ambapo ardhi ya jiwe haikukubali kuchimbwa. Na tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipomwaga moto wake katikati ya mji na kuliangusha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, tuliona vijana wakiwabeba wazee na kusukuma vitu vya majirani juu ya chukudu. Moyo wa wale 44 haukosekani hapa kwetu. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuwakusanya kabla ya msiba, na kukaa nao baada ya msiba.

7. Vijana wanakuwa viongozi

Katika Oktoba 1854, kolera ikiwa bado kwisha kabisa, mtoto mmoja wa fundi wa chuma, Dominiko Savio, alifika Valdocco akiwa na miaka 12. Mwaka 1856 yeye na rafiki zake waliunda Shirika la Bikira Maria Asiye na Doa. Kila mwanachama alikabidhiwa kwa siri mwenzake mmoja mgumu, au mgeni anayelia usiku, ili amfanye rafiki na kumsaidia. Dominiko alikufa tarehe 9 Machi 1857, kabla ya kutimiza miaka 15, na mwaka 1954 Papa Pius XII alimtangaza mtakatifu. Lakini shirika lile halikufa naye. Tarehe 18 Desemba 1859 watu 18 walikutana katika chumba cha Padri Bosco wakaunda Shirika la Wasalesiani, chini ya ulinzi wa Mtakatifu Fransisko wa Sales. Karibu wote walikuwa vijana waliokua nyumbani mle.

Tuwatazame wawili. Michele Rua alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha silaha, akafiwa na baba akiwa na miaka minane. Siku moja Padri Bosco alimnyoshea mkono wa kushoto, akafanya kwa mkono wa kuume kama anayeukata katikati, akimpa nusu, maana yake wawili hao watagawana vyote. Mtoto hakuelewa. Alielewa baadaye alipokuwa msaidizi wake wa kwanza, na mwaka 1888 mrithi wake. Wa pili, Giovanni Cagliero, alikuwa mtoto wa Castelnuovo aliyefiwa na baba, mchangamfu na mpenda muziki. Mwaka 1875 aliwaongoza wamisionari wa kwanza wa Wasalesiani mpaka Argentina, baadaye akawa askofu, na mwaka 1915 akawa kardinali. Hao hawakuletwa kutoka nyumba za wakubwa.

Kwa wasichana, Padri Bosco alimpata Maria Mazzarello, binti wa wakulima wa Mornese, aliyekuwa akiwafundisha wasichana masikini kushona. Mwaka 1872 waliunda pamoja shirika la Mabinti wa Maria Msaada wa Wakristu.

Njia yake ya malezi aliieleza kwa kifupi mwaka 1877. Aliisimamisha juu ya nguzo tatu: akili, dini na upendo wa wema. Mlezi awe pamoja na vijana, atangulie kuzuia ubaya kabla ya kuadhibu. Na katika barua aliyoiandika kutoka Roma katika Mei 1884 aliwakumbusha wanawe kwamba haitoshi kuwapenda vijana. Yapasa vijana wenyewe watambue kwamba wanapendwa.

8. Kufa kwake na kufika kwa kazi yake kwetu

Padri Bosco alichoka mapema, kwa sababu alitembea sana akiomba msaada kwa ajili ya nyumba zake. Alikufa Torino, alfajiri ya tarehe 31 Januari 1888, akiwa na miaka 72. Papa Pius XI, ambaye alipokuwa padri kijana alikaa siku chache Valdocco akamwona kwa macho yake, alimtangaza mtakatifu siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934.

Wanawe waliingia nchi yetu ya Congo mwaka 1911, wakaanza katika mji ambao leo ni Lubumbashi. Hapa Goma tunajua masomo ya ufundi ya ITIG na kituo cha vijana cha Ngangi. Ngangi imepokea yatima, watoto wa barabarani, na watoto waliotolewa katika makundi yenye silaha, ikiwafundisha kusoma na kushika kazi ya mikono. Na mara nyingi vita vilipowasukuma watu kutoka vijijini, maelfu ya wakimbizi walilala katika viwanja vyake. Ni Valdocco iliyohamia juu ya jiwe la volkano.

Wala matunda si ya shirika moja tu. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Floribert Bwana Chui, mtoto wa mji huu, alitangazwa mwenye heri. Aliuawa katika Julai 2007, akiwa na miaka 26, kwa kuwa alikataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visiingie kwa watu. Kabla ya hapo, pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio, alikuwa akiwatafuta watoto wa barabarani, akiwapa chakula na masomo. Aliyejifunza kumheshimu maibobo hakuweza kuuza afya ya watu kwa pesa.

9. Neno kwetu

Ndugu wakristu, tumeandika haya tukijua kwamba mwisho wa Januari 2025 vita viliingia ndani ya mji wetu, na kwamba nyumba nyingi zina kijana asiyerudi, au kijana anayekaa bila masomo na bila kazi. Hatuna mali ya kuwaondolea umasikini wote. Yohane Bosco naye hakuwa nayo. Lakini yako mambo aliyoyafanya bila mali. Aliuliza swali pale wengine walipochukua fimbo. Alisimama na kijana mbele ya bwana wa kazi. Aliwakabidhi vijana mfuko wao, akawaacha wahesabu wenyewe. Alipowahitaji kwa jambo kubwa aliwaomba, hakuwatumia.

Basi tujiulize katika mashirika yetu ya msingi, katika Xaveri, katika Kiro na katika kwaya zetu: kijana tunamwita wakati gani? Ikiwa tunamwita tu wa kupanga viti na kubeba mchanga, na tunapoketi kushauriana tunamtoa nje, basi tusishangae mwingine akimwita na kumpa cheo. Kila fundi wa parokia yetu, wa mbao, wa chuma, wa nguo au wa ujenzi, anaweza kumpokea kijana mmoja na kumfundisha kwa mapatano ya haki. Kila shirika linaweza kumpa kijana mmoja daftari ya hesabu, mzee akiketi kando yake.

Nasi makatekista, tunaahidi mbele yenu na mbele ya mapadri wetu kwamba karibu na nguzo ile ya mlangoni hatutasimama tena na ukali. Atakayekuja tutamwuliza jina lake, na kama hajui kuimba, tutamwuliza kama anajua kupiga mluzi.

Mtakatifu Yohane Bosco, utuombee. Mwenye heri Floribert, utuombee. Maria Msaada wa Wakristu, uwalinde vijana wa Goma.